Nyoka Niliyemshuhudia Kanisani

Nilipokuwa mtoto nilisimama mbele ya kanisa letu dogo pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nikasema uongo, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Nimetubu mbele za Mungu mara nyingi, naamini amenisikia. Lakini kuna dhambi ambayo hata ukisamehewa, ardhi inabaki tupu vilevile. Njo maana naandika.

Tulitoka Fizi, Kongo, mimi, mama, na Koko, yaani bibi yangu mzaa mama. Koko alikuwa mtu wa jembe, na kambini hakuwa na pa kulima. Aliyemtoa aibu ni mwanamke wa kijiji cha jirani, Agogo Enifa, yaani Bibi Enifa, Mmalawi mzee kama Koko. Alikuwa na dimba, bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi kwa sababu udongo wake haukauki. Akamkatia Koko matuta kadhaa. Koko akapanda lengalenga, yaani mchicha, na matembele, Agogo mwenyewe akapanda nyanya, wakawa wanashinda pale wakitaniana kwa lugha mbili, kila mmoja akijibu asichoulizwa, na wote wakicheka. Mboga za dimba lile ndizo zilizotukuza.

Maji yake yalitoka kwenye chemchemi ndogo, na juu ya chemchemi kulikuwa na kichaka cha mikuyu. Vilima vyote vya kuzunguka vilikuwa vimenyolewa. Wenyeji walichoma mkaa wa kupeleka Lilongwe, sisi tulikata kuni za kupikia. Tulifikia kupikia magunzi na mabua ya mbaazi. Na maharagwe ya mgawo, wewe uliyewahi kuyapika unayajua: yanakaa motoni tangu asubuhi na bado yanagonga meno. Lakini kichaka kile hakuna aliyekigusa. Wenyeji walisema anakaa humo nyoka mkubwa, mwenye maji, na ukikata mti wake anaondoka na maji yake.

Koko hakucheka aliposikia.

"Hata kwetu iko vile," alituambia. "Mti ya juu ya maji, bantu habakate. Maji inapenda kivuli. Ukiondoa kivuli, nayo inashuka chini kutafuta ingine."

Siku moja ya likizo mama alinituma kuni. Wasichana wenzangu walikwenda mbali, nyuma ya vilima. Mimi nilikuwa mvivu, wala sitatafuta neno la kujipamba. Niliwaacha watangulie, nikaingia kichakani na panga. Nakumbuka ubaridi wa mle ndani, na tini zilizopasuka chini, na nyuki juu yake. Nilikata matawi makavu, kisha na mabichi yaliyokuwa karibu na mkono. Ghafla kitu kikaruka majanini, nikainua panga. Alikuwa kware. Nilimwona vizuri, kware mnene, akatua mbele kidogo na kuendelea na mambo yake.

Nilipofika nyumbani mama aliangalia kuni, akanigeukia.

"Noela. Hii si mkuyu? We umeingia wapi?"

Nilijua fimbo iko wapi na mkono wa mama uko wapi. Mdomo ukatangulia kichwa. "Mama, nyoka alitoka. Mkubwa. Mi nikaita jina la Yesu, akakimbia."

Nilingoja kofi. Mama akaangusha mwiko, akainua mikono. "Haleluya!"

Jumapili nikapelekwa mbele kutoa ushuhuda. Nyumbani nyoka alikuwa mnene kama mkono wangu. Kanisani akawa kama paja la mtu mzima, na macho mekundu nikamwongezea. Mchungaji akanishika bega. "Bapendwa, mtoto mudogo hivi! Shetani ameshindwa!"

"Ameshindwa!" kanisa zima likajibu.

Koko peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amekunja mikono ndani ya kitenge, ananiangalia.

Kesho yake wamama wa kanisa walikwenda kichakani na mapanga, wakiimba. Nisiwasingizie: hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye maharagwe yasiyoiva, na mimi nilikuwa nimewafungulia mlango kwa jina la Bwana. Nilitembea mbele yao kama shujaa.

Agogo Enifa alitoka dimbani mbio, jembe mkononi. "Njoka! Madzi!" alipiga kelele. Nyoka! Maji! Maneno yake hayakuwa mbali na yetu, kila mmoja alielewa.

"Agogo, nyoka yako alikimbia mtoto!" mama mmoja akamjibu, wakacheka.

Yule mzee akanijia mimi. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Iwe, njoka unaiona?" Wewe, nyoka ulimwona?

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Ningesema, hapana, alikuwa kware. Nilitazama wamama, nikatazama mapanga. Nikajibu, "Inde." Ndiyo.

Akanyooka, akarudi kwenye nyanya zake.

Kabla ya mvua kurudi, kichaka kilikwisha, hata visiki vilichimbuliwa. Tulikula maharagwe yaliyoiva, na yalikuwa matamu, Mungu anisamehe. Kiangazi kilichofuata chemchemi ikawa tope, tope likawa ufa. Matuta ya Koko yakageuka rangi ya majivu. Aliendelea kwenda kwa muda, akiketi na Agogo Enifa kwenye ukingo, na hakuna aliyetania. Nilipompelekea chakula pale aliniambia tu, "Nilisema, mama. Maji imeenda kutafuta kivuli." Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Kijijini walimlaumu Agogo Enifa kwamba yeye ndiye aliyewakaribisha wageni bondeni. Mwanawe akaja kumchukua, akaenda kuishi naye Lilongwe. Koko alifariki bila kumwona tena. Sikumwambia ukweli hata alipokuwa kitandani, nami nilikuwa nikimwombea kila jioni kwa sauti nzuri.

Sasa mimi ni fundi wa kushona, na huenda Lilongwe kutafuta vitambaa. Nikiona baiskeli zinaingia na magunia ya mkaa kutoka upande wa Mitundu na Nathenje, mwendeshaji amelala juu ya usukani kwa uzito, najiuliza huko nako ni mtoto gani alifungua mlango. Siku moja niliuliza, nikaelekezwa mpaka kwa Agogo Enifa. Alikuwa amesinyaa, ameketi kwenye mkeka, mbele yake fungu la mboga za sokoni zilizokwisha kunyauka. Nilipiga magoti, na kwa Chichewa nilichokikulia nikamwambia yote: uvivu, kware, fimbo ya mama.

Alinisikiliza huku akichambua mboga. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua vipi, Agogo?"

"Mtoto aliyeona nyoka hafiki nyumbani na mzigo wa kuni umefungwa vizuri. Nilikuona ukipita."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza, ukajibu inde. Na watu wako walikuwa wanaimba. Mtu anayeimba utamwambia nini?" Akatupa jani bovu pembeni. "Maji yapo?"

Nilitikisa kichwa. Hakuniambia amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Alinieleza tu namna ya kufanya: mvua za kwanza zikinyesha, kata tawi la mkuyu nene kama kifundo cha mkono, lichomeke ardhini, usilitikise.

Sijui kama yule nyoka alikuwapo. Mimi ni mtu wa Yesu, siabudu nyoka. Lakini naona sasa kwamba wazee wale walikuwa wameweka mlinzi pale, asiyekula wala kudai chochote, na mimi nilimfukuza kwa jina ambalo halikutolewa kwa kazi hiyo.

Nimechomeka matawi juu ya ile chemchemi. Mengi yameoza. Machache yametoa majani, nimeyazungushia miiba, ila mbuzi hawaogopi miiba, na wala sitamtungia mtu nyoka mwingine. Basi nakuomba wewe unayepita njia ya bonde lile: mshike mbuzi wako kamba mpaka muipite ile mikuyu.