Gwaride la Bata

Niliwauza bata wa baba yangu. Naanza na hilo kwa sababu majirani zangu hapa Nateete wanalijua tayari, na ungelisikia kwao likiwa limetiwa chumvi. Niliwafunga miguu bata sita, nikawatia kapuni, nikapanda bodaboda mpaka sokoni Kalerwe. Mimi huyu, ambaye hata duka la kuvuka barabara naliendea kwa manung'uniko. Nilitaka ua safi. Nilichoka kufagia mavi ya bata asubuhi na mchana, na tena mgeni akibisha hodi. Nikajiambia: mzee ana ugonjwa wa kusahau, jana tu alinikaribisha sebuleni kama mgeni na kuniuliza nimetoka wapi, atawakumbuka bata?

Nilisoma mpaka kidato cha nne. Siku hiyo elimu hiyo haikuonekana.

Baba alikuwa askari, mwana wa askari, mjukuu wa askari aliyeletwa huku kutoka Sudani. Ugonjwa ulipomwingia ulimpokonya lugha moja moja. Kiganda kilikwenda, Kiingereza kikafuata, Kinubi kikabaki vipande vya nyimbo na matusi. Kilichosalia kizima ni Kiswahili cha kambini. Kila asubuhi alikuwa akitoka uani na fimbo kwapani, anasimama wima, ananguruma: "Gwaride! Mguu sawa!" Bata walikuja mbio, maana baada ya amri hiyo ilifuata pumba ya mahindi. Wakila, yeye anapita nyuma yao akiwakagua. Wakimaliza, ndipo anaingia ndani, anakaa, anakula.

Sikuwa nimeunganisha mambo hayo mawili. Asubuhi ya kwanza bila bata nilimwekea chai na chapati. Akaisukuma sahani.

"Askari wamekula?"

"Wamekula, baba."

"Nani kawaona?"

Mchana nikaleta posho, ugali wetu wa huku, na maharagwe. "Askari kwanza," akasema. Jioni vivyo hivyo. Alifundishwa ujanani kwamba mkubwa hali kabla ya watu wake, na ugonjwa ulikuwa haujafika chini huko. Siku ya pili alikunywa maji tu. Daktari wa kliniki akaniambia nimbembeleze. Nilibembeleza mpaka nikajichosha mwenyewe.

Siku ya tatu jirani yangu, fundi cherehani Mkongo anayeshonea barazani kwake, akachungulia juu ya ukuta.

"Dada, mzee anakonda. Bata wake uliwapeleka wapi?"

"Waliondoka."

"Waliondoka na kapu?"

Nikaingia ndani kutoboa tundu jipya kwenye mkanda wa baba, kwa msumari, kwa sababu suruali ilikuwa inamshuka. Hapo nikaapa: mzee huyu atakula, hata kama itanibidi nitage mayai mimi mwenyewe.

Nikarudi Kalerwe. Muuza kuku aliyewachukua alicheka mpaka akashika meza. "Nyabo, mama yangu, hao hawaludi. Wamepikwa Jumapili." Nikanunua wengine sita, wenye madoa kama ya wale wa kwanza, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Baba aliwatazama muda mrefu. Huyu ndiye mtu ambaye wiki hiyohiyo aliniuliza mume wangu hajambo, na mimi sijawahi kuwa na mume.

"Hawa si askari wangu," akasema. "Hawa raia."

Na kweli walikuwa raia. Alipoamuru mguu sawa, wawili walijificha chini ya tangi la maji, na mmoja akampa mgongo na kujisaidia. Nikajua ndiyo basi. Lakini baba hakuingia ndani. Alinikagua mimi, juu mpaka chini: gauni la kulalia, kandambili, kikombe mkononi.

"Kuruta!"

Nikageuka kumtafuta kuruta.

"Wewe! Unakunywa chai kwenye gwaride?"

Nikaweka kikombe chini.

"Raia hufundishwa," akasema. "Anza wewe, wakuone."

Nikaanza, na kandambili zangu. Mguu sawa. Mbele tembea, mpaka kamba ya nguo. Nyuma geuka. Nilishika beseni la pumba na kudondosha kidogo kila hatua, na bata, ambao hawana heshima ila wana njaa, wakanifuata. Baba akapita nyuma yetu na fimbo yake. Walipomaliza pumba, alikula vijiko vitatu vya uji, amesimama, jicho kwangu asije kuruta akatoroka.

Kesho yake nilikuwa uani kabla hajatoka. Na keshokutwa. Mvua iliponyesha tulifanya gwaride barazani, bata wakateleza, nami nikateleza zaidi. Magoti yangu, yaliyozoea kiti cha sofa, yaliandika barua ya malalamiko, sikuisoma. Bado hajui kuwa mimi ni binti yake. Anajua kuwa mimi ni kuruta mbovu, na kuruta mbovu hushughulikiwa: hunishika mabega kwa mikono yake miwili na kuyanyoosha, kisha husema, "Kifua mbele, utazoea." Mgeni wa sebuleni hakuwahi kuguswa hivyo. Ua ni mchafu kuliko zamani na naufagia mara nne.

Jana alitoa amri ngumu: "Kushoto geuka!" Bata wote sita wakageuka kushoto, kwa kuwa upande huo ndiko liliko beseni siku hizi. Mimi nikageuka kulia, nikakanyaga fimbo ya mzee, nikaishia kwenye nguo zilizoanikwa. Baba akatikisa kichwa, akaingia ndani na kumaliza sahani nzima ya posho, na kuomba nyingine. Niliposimama barazani nikimsikiliza anavyotafuna, fundi wangu akatoa pini mdomoni, akaegemea ukuta.

"Dada," akasema, "bata wamejua kushoto. Wewe bado."