Baiskeli ya Papa na Nyama ya Tembo

Harufu ya nyama ya moshi sokoni ingali inanipandisha hasira.

Wakati wa vita Papa, baba yangu, mlinzi wa hifadhi, alikuwa amenipakia kwenye baiskeli, tukifuata barabara ya kando ya Ziwa Kivu, gauni langu likipepea. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, askari walinishusha, wakafunga nyuma nyama ya moshi ya tembo wa hifadhi ile ile aliyoilinda, wakamwamuru Papa aisukume hadi kambini kwao.

Huyu ndiye Papa aliyewahi kumnyang'anya maman, mama yangu, kitita cha kuni kwa sababu kilitoka hifadhini.

“Shika muzuri, mutoto wangu,” alininong'oneza. “Ikianguka watatuua.”

Nikaishika. Mafuta yalinitiririka hadi kwenye viwiko.

Nyumbani maman alininawisha kwa sabuni mara tatu, harufu ikagoma kutoka. Akamgeukia Papa.

“Sasa kuni zangu zilikuwa na zambi gani?”