Matawi Niliyoyafunga kwa Mkono Wangu

Siku ya kura, mama mkwe wangu aliamka kabla ya jogoo, akavaa rinda la buluu nililomshonea Krismasi, akaketi mlangoni na kitambulisho mkononi. Sikuwa nimeinjika hata chai.

"Mama Akinyi, harakisha," aliniambia. "Tutapata laini imekuwa refu."

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani Manyatta, na asubuhi ile nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Lakini nani angebishana na ajuza aliyeuona ukoloni, akauona utawala wa chama kimoja, akapiga kura kwa kupanga mlolongo nyuma ya wagombea huku chifu akimtazama? Kura ya siri aliipenda kuliko nyama. Mume wangu, Ochieng', alimpakia kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma kumshika. Waliporudi, wote wawili wamepiga kura, ajuza alizunguka ploti nzima akimwonyesha kila jirani kidole chake chenye wino.

Siku mbili baadaye alilala mchana, asiamke. Hakuna aliyemuua, ulikuwa uzee tu. Tulimpeleka mochari tukapanga kumzika Bondo, kando ya mumewe.

Kisha matokeo yakatangazwa.

Watu wa mtaa wetu waliamini kura zao zimeibwa, wakatoka barabarani kusema hivyo. Polisi walioletwa kutoka mbali wakaja kuwanyamazisha. Siku tatu hatukutoka nje. Tulisimamisha magodoro madirishani, na moshi wa vitoa machozi ukaingia vivyo hivyo. Nilishona sare za watoto ambao shule zao zilikuwa zimefungwa, kwa sababu mikono ilikataa kukaa bure. Kila risasi iliposikika, binti yetu Akinyi aliutazama uso wangu ajue kama ni wakati wa kuogopa. Nilijitahidi asione kitu.

Siku ya nne mhudumu wa mochari alipiga simu. Maiti wamezidi, alisema. Mama yenu tumemtoa kwenye friji, tumemlaza sakafuni.

Ochieng' alishusha godoro moja dirishani. Hakuwa shujaa, aliogopa hata sindano ya hospitali.

"Mama hawezi lala chini kama mtu hana mtoto," alisema. "Naenda."

"Tunaenda," nikasema.

Jirani yetu Odhiambo alikubali kwa shingo upande kutupeleka kwa pikapu yake. Wanaume walipakia jeneza tupu, mimi nikachukua panga nikaenda kwenye mwarobaini wetu pale uani. Kwetu gari la msiba hufungwa matawi mabichi. Likipita, watu husimama, wenye kofia huzivua, hata waliokuwa wakigombana hunyamaza. Nilifunga matawi mbele, ubavuni na nyuma, mafundo ya fundi.

Odhiambo alikuwa ametoka nje siku zile, mimi sikuwa nimetoka. Alitikisa kichwa.

"Mama, hii majani toa. Watu ya maandamano pia wanabeba majani, ati kuonyesha hawana silaha. Hawa polisi si wa huku. Hawajui tofauti."

Nilimkaripia. "Mama ya watu atoke mochari kama gunia ya viazi? Hiyo majani ndiyo itatupitisha!"

Ochieng' akacheka, mara ya kwanza tangu mama yake afe. "Odhis, usibishane na huyu. Atakushona mdomo." Akanisaidia kukaza fundo la mwisho.

Tuliondoka saa nne asubuhi. Mimi nilikaa mbele na Odhiambo. Ochieng' na ndugu zake wawili walikaa nyuma na jeneza. Barabara ilikuwa na mawe na mabaki ya matairi yaliyoungua. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikokota mkokoteni alisimama, akavua kofia. Nilimgeukia Odhiambo nikamtazama kwa ushindi. Mtazamo ule unaniaibisha hadi leo.

Kwenye mzunguko wa barabara tuliwakuta polisi, kama kumi hivi.

Mmoja aliinua mkono. Odhiambo akapunguza mwendo.

Ochieng' alisimama ili waone jeneza. Alishika tawi, akalipunga polepole, kama tunavyofanya sisi.

"Afande, ni matanga! Tunaenda kuchukua mama!"

Mlio ulikuwa mmoja tu.

Nilipanda nyuma. Alikuwa ameanguka kando ya jeneza, macho wazi, akinitafuta. Nilikunja leso yangu nikaikandamiza kifuani mwake kwa mikono yote miwili. Maisha yangu yote nimeziba matundu ya nguo. Lile lilinishinda.

Polisi mmoja alisogea. Aliliona jeneza, akavua helmeti. Alikuwa kijana.

"Kwa nini mlibeba majani?" aliniuliza. "Kwa nini mlibeba majani?"

Niliendelea kuikandamiza leso.

Tuliwazika Bondo siku moja, mama na mwanawe, kila mmoja na wino wake kidoleni. Nimeandikisha taarifa katika ofisi zaidi ya moja. Karani huandika, hunipa pole, huniambia nitapigiwa simu. Nina hasira na sioni haya kusema hivyo. Uchaguzi uliofuata nilipanga laini alfajiri nikiwa na hasira hiyo hiyo, kwa sababu nikibaki nyumbani nitakuwa nimewatupa wote wawili.

Akinyi, ambaye sasa ni mtu mzima, huniambia, "Mama, risasi haikutoka kwa mti." Najua. Aliyefyatua ana mikono yake. Lakini mafundo yalikuwa yangu, na nilionywa. Odhiambo hajawahi hata siku moja kuniambia "nilikuambia." Akipita hapa husimama, hunisalimia, huuliza kama cherehani inaenda vizuri. Laiti angenitukana.

Mwarobaini ungali uani. Niliwahi kuuchukulia shoka, Akinyi akanizuia. Majirani wakifiwa hubisha hodi kuomba matawi, nami huwakatia mwenyewe, huwafungia vizuri. Kabla sijawakabidhi, huwauliza watapita njia gani.