Raba Mpya za Breki

Mama alikuwa na kidonda cha mguu kilichohitaji kusafishwa hospitalini Kisii mara mbili kwa juma, na magari hayakufika kwetu. Ndiyo sababu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikwenda Marani kuangalia baiskeli nyeusi ya mizigo iliyokuwa ikiuzwa na mjane mmoja.

Nilikuwa mwalimu, nikaikagua kama ninavyosahihisha madaftari, swali kwa swali. Cheni ilikuwa imelegea kidogo. Nilipozungusha gurudumu, dainamo iliwasha taa hafifu ya manjano. Keria ilikuwa imeongezwa vyuma na fundi wa kuchomelea, na utomvu wa ndizi ulikuwa umeiachia madoa meusi. Nikaikalia. Haikulia.

"Mwalimu," mjane akasema kutoka mlangoni, "hiyo si ng'ombe. Umebakiza kuihesabu meno tu!"

Jirani yake, aliyekuwa akianika mahindi, akacheka. Nami nikacheka, nikainamia breki.

Pedali zilikuwa zimelika hadi kwenye chuma. Kiti kilikuwa kimeshonwa mara mbili. Lakini raba za breki zilikuwa mpya, zote nne, bado zina vijinywele vya kiwandani. Hazikuwa zimegusa rimu hata mara moja.

"Marehemu alizibadilisha lini?"

Jirani aliacha kucheka.

"Nilizibadilisha mimi," mjane akasema. "Baadaye." Akatazama mteremko unaoshuka hadi mtoni, njia ya kwenda sokoni. "Alisema angenunua mpya akishauza ndizi za siku hiyo. Sasa mimi ningemuuziaje mtu zile za zamani?"

Niliinunua. Hapakuwa na nyingine, na mguu wa Mama ulikuwa umeanza kunuka.

Breki zilishika vizuri. Nilizijaribu mara nyingi kwenye tambarare. Lakini siku ya kwanza ya kwenda hospitalini, kila tulipofika kwenye mteremko nilishuka, nikaisukuma baiskeli kwa mikono, Mama akiwa juu ya keria.

"Wenzako wanateremka kama upepo," alisema. "Tutakuta daktari ameenda kula."

"Kuna utelezi, Mama."

Ilikuwa Januari, vumbi tupu. Alinitazama.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu wa Marani."

"Naye yuko wapi?"

Nilikaza mikono kwenye breki. Mama aliniambia nisimame. Akashuka kwenye keria, akakamata fimbo yake, nasi tukateremka kwa miguu, baiskeli katikati yetu. Tulipofika chini, bandeji yake ilikuwa imelowa damu.