Baldovina anasubiri majani yaanguke

Saa moja asubuhi bonde bado lina giza. Ukungu umeshuka hadi kwenye paa la banda, na Baldovina Retamal anatandika farasi kwa kupapasa, akiutafuta mkanda wa tumboni kwa vidole. Anamaliza wa kwanza, kisha wa pili. Wa mwisho ni farasi wa kahawia aitwaye Zaino. Huyo ndiye anayempanda yeye mwenyewe.

Jikoni, wageni wawili kutoka Santiago, Renata na mumewe Ismael, wanakula mkate wa kukaanga huku wakikodolea macho dirisha ambalo halionyeshi kitu.

"Mama, ukungu huu utaondoka saa ngapi?" Renata anauliza.

"Ukichoka," anajibu Baldovina, akimsogezea chai chungu ya yerba. "Kunywa kwanza. Hata mimi mwenye mlima siuoni."

Wamekuja kutazama majani. Aprili inapofika huku Aysén, kusini mwa Chile, misitu ya miti ya lenga hugeuka njano, kisha rangi ya chungwa, kisha nyekundu iliyoiva kabisa. Kwa wiki tatu hivi mlima huonekana kama unaungua bila moshi. Mgeni hulipa peso elfu arobaini kwa siku kupandishwa huko kwa farasi. Kabla ya theluji, Baldovina pia huwashushia majirani ng'ombe wao kutoka malisho ya juu. Kazi hizo mbili ndizo zinazomnunulia unga na kuni za majira ya baridi. Mwaka huu dhoruba zimekula zaidi ya nusu ya siku zake.

Hata hivyo, dhoruba hizo hizo zinazomkosesha wageni ndizo anazozisubiri. Majani yakianguka, msitu hufunguka na mtu akaona mbali katikati ya mashina. Muda si mrefu theluji huja ikafunika kila kitu. Kati ya majani na theluji kuna siku chache, na katika siku hizo Baldovina, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, humtafuta mumewe.

Eladio alipotea miaka mitatu iliyopita, msimu kama huu. Alikuwa amepanda kuwatafuta ndama wawili waliobaki juu. Ukungu ukamkuta huko.

"Huku kwetu kila mtoto anafundishwa," anasema Baldovina. "Ukungu ukikuzidi, usijifanye unajua njia. Legeza hatamu, mwache farasi. Atakurudisha nyumbani."

Eladio alilegeza hatamu, hilo Baldovina halitilii shaka. Lakini siku hiyo alimpanda Zaino, aliyemnunua mwezi mmoja tu kabla ya hapo kutoka kwa Arsenio Foitzick, mzee anayeishi bonde la pili, nyuma ya mlima. Alikuwa akijivunia farasi wake mpya, hakutaka kupanda mwingine. Zaino naye alirudi nyumbani. Alirudi kule alikozaliwa.

Arsenio alimkuta asubuhi mbele ya lango lake, tandiko limegeukia tumboni, hana mtu. Polisi na majirani walitafuta siku nane, wakifuata njia zinazojulikana. Siku ya tisa theluji ikaanguka.

"Farasi akiwa peke yake hafuati njia ya watu," anasema Baldovina. "Anapita chini ya matawi. Anapima kichwa chake, hapimi cha mtu aliyempanda."

Anaamini tawi lilimwangusha Eladio mahali fulani kati ya malisho na lango la Arsenio. Ni mlima mzima wa lenga, mianzi na magogo yaliyooza. Kila msimu anaukata vipande na kuutembea kipande kimoja baada ya kingine. Hadi sasa amepata kofia, ambayo haikuwa ya Eladio.

Asubuhi hii anawafikisha wageni kwenye ukingo wa msitu. Ukungu unapasuka ghafla, na mteremko wote unajitokeza mwekundu, umelowa. Renata anaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Ismael, piga picha! Piga upesi!"

"Ninapiga, mke wangu. Mlima haukimbii."

"Wewe mama, hujachoka kuona uzuri huu?"

Baldovina anautazama msitu. "Ni mzuri," anasema. "Zamani nilikuwa naomba usiishe."

Upepo umeanza kuvuma kutoka magharibi, naye anageuza farasi. Dhoruba inawakuta langoni, na inavuma siku mbili mfululizo. Inang'oa mabati ya banda la kuku. Wageni wengine watano wanapiga simu kuahirisha.

Inapotulia, mlima umebaki wa kijivu, na ukungu umerudi. Hii ndiyo siku aliyoingoja tangu kiangazi, kwa sababu mwaka huu ana mpango uliotoka kwa Arsenio mwenyewe. Apande hadi malisho ya juu, mahali Eladio alipoonekana mara ya mwisho, kisha amlegezee Zaino hatamu. Farasi apite alikopita siku ile. Yeye alale shingoni, macho chini. Arsenio, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, atakuwa langoni kwake akigonga sufuria, ili sauti iwaongoze ukungu ukizidi.

Juu kwenye malisho haoni hata masikio ya farasi vizuri. Baldovina anafunga fundo la hatamu, analiacha shingoni, anashika manyoya.

"Haya, Zaino. Nenda nyumbani."

Zaino anasimama kidogo, ananusa. Kisha anaanza kutembea, bila haraka na bila kusita. Baldovina amelala shingoni, matawi yanapita mgongoni mwake, na chini anaona majani mekundu, mawe, mfupa wa ng'ombe, majani tena. Anasikiliza sufuria. Haisikii. Anasikia maji, na baadaye mbwa.

Mbwa ni wake. Farasi amemleta mpaka kwenye banda lake mwenyewe na kusimama, akingoja kuvuliwa tandiko.

"Nilikaa juu yake muda mrefu," anasema. "Sikuweza hata kumkasirikia. Alifanya kama nilivyomwambia."

Mwaka wa kwanza, baada ya Arsenio kumrudisha, farasi akiwa bado wake moyoni, Baldovina hakutaka hata kumtazama. Alimwacha uwanjani. Mwaka wa pili akaanza kumlisha kwa mkono, mwaka wa tatu akampanda kila siku. Sasa Zaino ana nyumba moja tu, na ni ya Baldovina.

Alasiri Arsenio anafika kwa barabara ya chini, maji yanamtiririka kwenye vazi lake la poncho, sufuria bado imefungwa kwenye tandiko lake.

"Wewe mwanamke! Nimegonga mpaka bega limekufa ganzi! Nikasema sasa itabidi tutafute watu wawili!"

"Ingia, don Arsenio, unalowesha mlango."

"Mlango! Ananiambia habari ya mlango!" Anaketi karibu na jiko, anamwangalia usoni, sauti yake inashuka. "Amekuleta hapa?"

"Amenileta hapa."

Mzee anavua kofia. Wanakunywa yerba, wakipokezana kibuyu kimoja, mpaka maji ya birika yanaisha. Baldovina anainuka kuongeza mengine, na ndipo anaposema akiwa amempa mgongo.

"Jumapili nitamleta kwako. Akae kwako baridi yote na kiangazi chote. Umlishe wewe, ufunge lango wewe. Mpaka arudi kuwa wako, ndipo Aprili nimlegezee tena hatamu kule juu."

"Na wageni wako utawapandishaje?"

"Mimi nitakwenda kwa miguu. Wakitaka kupanda farasi, wapande wao."

"Huyu ndiye farasi wako mzuri kuliko wote, Baldo."

"Najua."

"Haya. Basi utakuwa unakuja kumwona, ule na nyama kidogo. Umekonda."

Baldovina anatikisa kichwa. Hatakwenda, anasema, hata mara moja. Farasi akimwona, au akiisikia tu sauti yake barabarani, kazi yote itaharibika. Inambidi akae mbali naye mwaka mzima, mpaka Zaino asimwone tena kuwa mtu wa nyumbani kwake.

"Wewe usife tu kabla ya Aprili," anamwambia mzee.

"Nitajitahidi," anasema Arsenio. "Lakini ukungu ndio wa kuuomba. Mwakani wenyewe usipokuja je?"

"Huwa unakuja," anasema Baldovina, na kutoka nje kumpiga brashi Zaino, ambaye bado ana majani mekundu yaliyonata kifuani.