Aliyemtafuta Mama Hamamuni

Wijdan hakumsalimu mwanamke yeyote kabla ya kumnusa mkono. Alikuja kwenye chekechea ninayofundisha, mjini Larache, Moroko, akiwa na miaka minne, na kila asubuhi aliushika mkono wangu, akaupeleka puani, kisha akauachia kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

Mama yake, Najia, alikuwa Uhispania akichuma stroberi. Huko huwachukua wanawake wenye watoto wadogo, kwa kuwa hao lazima watarudi. Mtoto alibaki na bibi yake, Lalla Zhor.

Siku nyingine alikaa ukutani, hachezi na mtu. Siku nyingine kikombe kikiwekwa upande asioutaka, alilia mpaka akatapika. Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, siku moja baada ya kwenda na bibi hamamuni, kwenye bafu la umma.

"Jicho la watu hilo," Lalla Zhor aliniambia. "Wanawake wa hamamuni wana macho kama misumari." Kila wiki alimfukizia shabu na mbegu za harmali kuondoa kijicho, na mtoto akaendelea kukonda.

Alhamisi moja niliwakuta hamamuni. Ndani ya ule mvuke Wijdan alikuwa akipita ndoo hadi ndoo, akiwafunua wanawake nywele zilizolowa ili awaone nyuso.

"We binti, mimi si mamako!" mmoja alicheka, mgongo umejaa sabuni nyeusi. "Wangu saba wananitosha!"

Wijdan akajitupa sakafuni, akapiga mayowe.

"Lalla," nikamwuliza bibi, "ulimwambia mama yake yuko wapi?"

"Hamamuni. Ningesema nini, mwanangu? Uhispania anaijua? Alikuwa analia alfajiri ile mama yake alipoondoka, nikamwambia mama kaenda kuoga, anarudi sasa hivi." Ndoo ilifurika, hakufunga bomba. "Yaa Rabi. Na mimi ndiye ninayemleta hapa."

Ndipo nikaelewa alichokuwa akikitafuta mikononi mwetu: harufu ya sabuni ile nyeusi ya hamamuni.

Bibi alimwambia palepale, amempakata ndani ya taulo: mama yuko mbali, ng'ambo ya bahari, atarudi stroberi zikiisha. Wijdan alilia taratibu, kama mtu mzima. Tangu hapo hasira zilipungua. Huzuni haikuondoka, alikaa karibu yangu, kimya, na mikono aliendelea kuinusa.

Mwezi wa Juni Najia alirudi, kaungua na jua, akamchukua wahamie mji wa mbali wa Agadir, kwa dada yake. Mlangoni mtoto aliunusa mkono wangu kwa muda mrefu.

"Usinitafute hamamuni, mwalimu," alisema. "Mimi naenda mbali."