X Nyekundu Ukutani Makumbusho

Mnaotaka kunicheka, chekeni, lakini nawaambia mapema kwamba siombi radhi.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu Neema, anayesoma chuo pale Chimwaga, alinipeleka makumbusho kuona maonyesho ya sanaa za mitaani. Nilivaa kitenge kipya, nikatembea taratibu kama mgeni rasmi. Picha za kwanza zilinifurahisha. Tulipoingia chumba cha mwisho nikakuta ukutani X kubwa nyekundu, na chini yake neno BOMOA.

Nyumba yetu ya kwanza, kule Makole, iliwahi kuandikwa hivyo hivyo ili ipishe barabara. Tukadhani ni vitisho tu. Tingatinga lilikuja alfajiri, na kabati la mama likabaki ndani. Kwa hiyo siku hiyo sikumuuliza mtu.

"Tokeni nje! Wanabomoa!" nilipiga kelele. Mzee mmoja alikuwa ameduwaa mbele ya picha. "Shikamoo baba, twende," nikamwambia, nikamkokota hadi getini. Watu wakatufuata mbio, mama mmoja akiwa na kiatu kimoja.

Tukiwa nje tunahema, kijana mwenye rangi vidoleni akanijia.

"Mama, ile X nimeichora mimi. Ndiyo picha yenyewe."

Neema alijifunika uso kwa mtandio. Yule mzee akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole. Watu wote wakanigeukia.

"Umeichora vizuri, mwanangu," nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Nikiiona tena kesho, nitakimbia tena."